Wifi, chotara lake na tairi la 28

Wifi yangu anakaa Kange, hapa Tanga, si mbali na stendi, na kazi yake iko hospitali ya Bombo. Kwa kipimo cha simu ni kilomita saba na ushei, kwenda tu. Miaka mitatu alikuwa akipanda bajaji asubuhi na bodaboda usiku, maana zamu yake hukatika saa mbili, na mpaka akabidhi wagonjwa inafika saa mbili na nusu. Siku moja akachukua daftari la hesabu la mwanawe, akajumlisha nauli za mwezi mzima, akaja kwangu na daftari lenyewe mkononi.

"Wifi, mimi na bodaboda basi. We ndiye mtu wa baiskeli, nitafutie. Ila lisiwe Phoenix kama lile la baba. Lile litaniua."

Naandika kisa hiki kwa sababu naulizwa kila mara, "ninunue baiskeli gani ya mjini?", na kila nikijibu najikuta nasimulia habari za wifi: yale tuliyoyapatia, na moja kubwa lililonipita mimi niliyejifanya mjuzi.

Tanga hakuna anayekushangaa ukipanda baiskeli. Mji ni tambarare, mitaa ya Ngamiani imepangwa kwa namba, na mama wa baibui akipita na mtoto kwenye keria hakuna shingo inayogeuka, labda ya mgeni wa Dar. Kwa hiyo hatukuhangaika na kama apande au asipande. Nilimwambia anyamaze kwanza habari za rangi, anisimulie njia yake, hatua kwa hatua, tangu mlangoni.

Njia yenyewe ni hii. Nusu kilomita ya mwanzo ni mchanga, na masika inageuka madimbwi. Halafu anaingia barabara kuu itokayo Segera: lami nzuri, lakini ina malori na mabasi, na ukingo wake umeliwaliwa kama mkate uliopitiwa na panya. Basi likipiga honi inabidi ushuke pembeni kwenye kokoto, kisha upande tena juu ya lami. Akishaingia mjini ni lami, matuta na watu. Mzigo wa kila siku ni mkoba na hotpoti. Jumamosi anapitia soko la Mgandini, akarudi na nazi, unga na mchicha. Kurudi ni giza. Na kusi likianza, safari ya kurudi Kange linamjia kwa mbele na ubavuni mpaka baibui linavuma kama tanga la ngalawa.

Ukishaipata njia namna hiyo, baiskeli nyingi zinajiondoa zenyewe.

Phoenix la baba nalijua meno kwa meno, kwa maana halisi: 44 mbele, 18 nyuma. Mzunguko mmoja wa pedali unakupeleka mita tano na nusu. Kwenye lami ni starehe. Zungusha pedali mara 60 kwa dakika, unakwenda karibu kilomita 20 kwa saa huku unazungumza na jirani. Kwenye mchanga wa Kange, mita tano na nusu kwa kila mzunguko ni adhabu, na gia ya kubadilisha hakuna. Lina uzito wa kilo ishirini na zaidi kabla hujaweka nazi. Tena breki zake za vyuma zinabana rimu ya chuma iliyong'arishwa, na rimu hiyo ikilowa, unavuta breki halafu unangoja. Lakini nisilidharau. Limembeba baba na gunia miaka na miaka, na kifaa chake unakipata hata kwa muuza vitumbua. Sentensi hiyo ya mwisho niliisema kwa mzaha mbele ya wifi. Laiti ningejisikiliza.

Baiskeli ya milimani, yenye tairi za vinundu na shokomzoba mbele na nyuma, ingeumudu ule mchanga. Ila kilomita sita na nusu zilizobaki ni lami, na vinundu juu ya lami vinaunguruma na kukunyonya nguvu, na kila ukikandamiza pedali, shokomzoba ya nyuma inameza sehemu ya jasho lako. Ile ya mbio yenye usukani wa pembe na tairi nyembamba kama kidole hatukuijadili kabisa.

Katikati ya hizo ndipo ilipo haibridi. Mimi naiita chotara, na wauza mtumba huiita jina lolote litakalouza. Rimu zake ni kubwa kama za baiskeli ya mbio, kwa hiyo inateleza vizuri kwenye lami. Tairi zake ni pana kuliko za mbio, aghalabu milimita 35 hadi 42, kwa hiyo mchanga kidogo na ukingo uliokatika havikuangushi. Usukani umenyooka, unakaa karibu wima, unaona malori yanayokuja. Uzito wake mara nyingi ni kilo 11 hadi 14. Kwa njia ya wifi sikuona kitu kingine cha kushindana nayo.

Ila chotara nazo zina ukoo.

Tulikwenda kwenye yadi moja ya mtumba huko Ngamiani na bajeti ya laki tatu na nusu, fundi akiwa ndani yake. Kijana wa yadi alitupokea kwa lile alilotaka liondoke: jeusi, linang'aa, gia 24, breki za diski, shokomzoba mbele. "Dada, hiki chombo. Hata Raskazone hujakiona." Wifi alikwisha kuweka mkono kwenye kiti. Nikamwomba alikandamize lile shoko kwa uzito wake wote. Likashuka kwa mlio wa mlango wa kabati la bibi, likapanda shingo upande. Miguu yake ya ndani ilikuwa na vidoa vya kutu, na hewa yetu ya chumvi haihurumii vidoa vya kutu. Shoko la bei rahisi namna ile linaongeza kilo moja au zaidi mbele ya baiskeli, na faida yake kwenye lami ya mjini ni ndogo mno, maana tairi lenye upana wa milimita 38 na upepo wa kadiri limeshafanya kazi hiyo. Diski nazo ni nzuri, sibishi, mvua hazizijali. Lakini pedi zake kila aina ina umbo lake, wakati raba za breki za kubana rimu unazinunua popote penye spoki na gundi ya viraka.

Mimi moyo wangu ulikuwa kwenye baiskeli nyingine, ambayo hata chotara si chotara: ya Kijapani, tenga mbele, cheni imefunikwa yote, dinamo, na gia tatu zilizofichwa ndani ya habu ya nyuma. Gia tatu kwa Tanga zinatosha na kubaki. Ya chini inapunguza mwendo hadi kama asilimia 73 ya ile ya kati, ya juu inaongeza hadi kama asilimia 136. Hakuna kinachoning'inia nje kikapigwa na jiwe. Wifi akaizungusha yadi mara mbili. Mara ya pili, akiwa gia ya kati, pedali ikaruka chini ya mguu wake ghafla, nusura ajipige goti kwenye usukani. Mara nyingi kosa hilo ni waya tu, unaukaza kidogo linaisha. Nikaomba tuujaribu. Kijana akasema hairuhusiwi kufungua kitu kabla ya kulipa. Basi tukaiacha. Hadi leo nikiiona ya namna ile njiani naitazama mara mbili.

La tatu lilikuwa kijani kilichopauka, limeegemezwa nyuma ya jokofu bovu. Fremu ya alumini ya kike, bomba la juu limeinama, halina shoko, breki za kubana rimu, gia 21. Wifi akalikunjia uso. Nami nikatoa tepu.

Vipimo vyetu tulikwisha kuvichukua nyumbani: alisimama ameegemea ukuta bila viatu, kitabu kigumu katikati ya miguu kimepandishwa mpaka juu, nikapima kutoka ukingo wa juu wa kitabu hadi sakafuni. Sentimita 74. Kwa chotara, zidisha kwa 0.66, unapata fremu ya kama sentimita 49. Lile la kijani lilikuwa na 48. Phoenix la baba ni inchi 22, yaani karibu 56, na ndiyo maana wifi alipolipanda siku ya kwanza alining'inia kama nguo kambani. Urefu wa kiti nao una hesabu yake: 74 mara 0.883 ni sentimita 65 na kidogo, kutoka katikati ya ekseli inayoshika mikono ya pedali, pale chini ya fremu, hadi juu ya kiti. Nikamwomba kijana ashushe kiti kifike hapo. Hilo lilikuwa na sababu mbili, na ya pili sikumwambia. Nguzo ya kiti ikikaa miaka ndani ya fremu ya alumini bila grisi, karibu na bahari, inashikana nayo mpaka uje na msumeno. Ya kijani ikashuka bila ugomvi.

Halafu rula. Hili dogo, na watu wengi hawalifanyi. Cheni ya baiskeli ina pini kila nusu inchi, kwa hiyo ukihesabu viungo 24, pini hadi pini, cheni mpya inakaa sawasawa juu ya inchi 12 za rula. Ikizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, imechoka. Ikizidi kwa moja ya nane, imeshayala na meno ya nyuma, na utanunua vyote viwili. Yetu ilizidi kwa unywele. Nikainua gurudumu na kulizungusha nikitazama pengo kati ya rimu na raba ya breki: la mbele lilikuwa limenyooka, la nyuma linacheza kidogo, kazi ya spoki mbili tatu. Nikachungulia karibu na ekseli, mbele na nyuma, nikaona vitundu vya skrubu vya kufungia matigadi na keria. Chotara nyingine hazina vitundu hivyo, zimetengenezwa kwa watu ambao hawabebi nazi.

Kuhusu gia 21, nilimwambia asahau hesabu hiyo. Meno ya mbele yalikuwa mafungu matatu, 28, 38 na 48, na nyuma saba, kuanzia 14 hadi 28. Nyingi zinarudiarudia mwendo uleule. Mbele aache kwenye 38 siku zote, abadilishe za nyuma tu. Gia nyepesi hapo inakupeleka karibu mita tatu kwa mzunguko, nzito karibu mita sita. Zile mita tatu ni za mchanga wa Kange. Phoenix ni tano na nusu, mpende msipende.

Bei ilianza laki mbili na themanini, ikaishia laki mbili na arobaini. Wifi bado alikuwa akilitupia jicho lile jeusi.

Fundi wetu ni mzee mmoja ambaye kila mtu anamwita Babu, anakaa chini ya mwarobaini na sanduku la mbao. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba macho yakiwa kwenye baiskeli. "Nyepesi," akasema, akiinyanyua kwa mkono mmoja. Akanyoosha gurudumu la nyuma, akafunga matigadi, keria, stendi, kengele na taa ya mbele na nyuma. Tyubu zilikuwa na valvu zile nyembamba ndefu zisizoingia kwenye pampu za mtaani, akazitoa zote mbili, akapanua tundu la rimu kidogo na kuweka za valvu kama ya gari. Kiti akakitoa, akaipaka nguzo yake grisi, akairudisha mpaka kwenye alama yangu ya kalamu.

Lililobaki ni cheni, ambayo haikuwa na kifuniko. Mimi nilisema suruali ndani ya baibui inatosha. Siku ya tatu pindo la baibui likaingia kati ya cheni na meno, jembamba, kimya kimya, na baiskeli ikasimama mbele ya duka la dawa. Hakuanguka. Lakini ilibidi asukume kinyumenyume, pedali inarudi jino moja moja, wanaume wanne wanatoa ushauri, mpaka kitambaa kikatoka na mstari wa vitobo vyeusi vya mafuta. Babu akamkatia kifuniko kutoka dumu la plastiki la mafuta ya kula, akakifunga kwa vibanio. Ni kibaya kukitazama. Mpaka leo kipo.

Miezi minne ikapita vizuri. Dakika 30 kwenda, kama hizo kurudi, kusi likiwepo 35. Daftari la mwanawe likarudi kwenye hesabu za shule.

Sasa kosa langu.

Tairi la nyuma lilikuwa la mtumba kama baiskeli yenyewe, na lilipoanza kuonyesha nyuzi, wifi hakutaka kunisumbua. Alikwenda mwenyewe dukani. Alikwisha kusikia kwangu na kwa Babu kwamba gurudumu lake ni "28", na ubavuni mwa tairi la zamani kulikuwa kumeandikwa 28 kweli. Akaomba tairi la 28. Akapewa la 28, jipya, limefungwa karatasi. Kijana mmoja wa pembeni ya duka akamfungia kwa mikono mitupu, bila kutumia hata kijiko cha kubandulia tairi, na wifi akafurahi kwamba kazi imekuwa rahisi.

Kwa aliye na uzoefu, tairi jipya linapoingia kwa mikono mitupu kama bangili ya mtu mwingine, hapo hapo ndipo pa kusimama. Yule kijana akaanza kujaza upepo. Tairi likanyanyuka upande mmoja, tyubu ikachungulia nje kama ulimi, na kabla hajaacha pampu ikapasuka. Wifi anasema muuza machungwa alijitupa chini.

Jioni alikuja kwangu akisukuma baiskeli kwa mguu, tairi zote mbili, la zamani na jipya, shingoni.

"Wifi, umeniuzia baiskeli isiyo na saizi."

Tukaenda kwa Babu. Hakusema neno. Alipiga msumari kwenye mwarobaini, akatundika tairi la zamani, kisha juu yake lile jipya. Jipya likaning'inia chini zaidi, kiasi cha upana wa kidole gumba. Kisha akatema mate kwenye kitambaa na kusugua ubavu wa kila moja. La zamani, chini ya ule mwandiko mkubwa wa 28, likatoa maandishi madogo: 37-622. Jipya: 28 x 1½, na chini yake 40-635.

Ile namba ya pili ndiyo yenye ukweli. Ni kipenyo, kwa milimita, cha pale mdomo wa tairi unapokaa kwenye rimu, na namba ya kwanza ni upana wa tairi. Phoenix la baba na ndugu zake wa zamani wa 28 ni 635. Chotara, na baiskeli nyingi za mbio, ni 622, ile ambayo pia huandikwa 700C, jina la Kifaransa. Zote mbili zinaitwa 28 kwa sababu tairi likishajaa, kimo chake chote kinakaribia inchi 28. Tofauti ya milimita 13 tu, na inatosha kukupasulia tyubu sokoni. Tyubu yenyewe ni mpira, inanyooka, inakubali zote mbili. Mdomo wa tairi una waya wa chuma ndani, haukubali.

Mimi hilo nililijua. Nalijua miaka. Nilipima mguu wa wifi, nikapima kiti, nikapima cheni kwa rula, nikasahau kugeuza tairi nisome ubavu wake, kisha niende kuuliza maduka kama wanalo. Ningefanya hivyo siku ya yadi, pengine bado tungelinunua la kijani, lakini tungetoka na tairi mbili za akiba kabla ya kengele.

Maana kulipata hapa Tanga ilikuwa kazi. Duka la kwanza wana 635. La pili wana 635 na za watoto. La tatu mwenye duka aliniambia kwa upole, "Mama, 28 ni 28." La nne walikuwa na tairi la baiskeli za milimani lililoandikwa 29, na hapo nilipata tumaini, kwa sababu 29 ni 622 ileile iliyopewa jina jipya. Tatizo ni unene. Lilikuwa 54-622, na tulipolifunga liliingia kwenye rimu vizuri sana, likabana, likajaa upepo, kisha likakataa kuzunguka: mabega yake yanagusa fremu pande zote mbili. Babu akaleta kidole chake cha shahada akakipitisha kati ya tairi la mbele na uma. Kilipita kwa shida. "Hapa mwisho 42," akasema.

Siku tisa wifi alirudi kwenye bodaboda, na daftari likatoka tena. Mwishowe tulirudi yadini, tukamkuta yule kijana na chotara jingine lililovunjika fremu, tukanunua tairi zake mbili zikiwa na nusu ya maisha yake, 38-622. Kisha mpwa wangu aliyekuwa anatoka Dar akaja na mbili mpya kwenye basi, zimekunjwa ndani ya mfuko wa salfeti, juu ya magoti yake njia nzima.

Yule kijana aliuliza kama tunataka na ile ya Kijapani, bado hajaiuza. Nikachuchumaa nikasoma ubavu wa tairi kabla sijamjibu. 37-590. Hiyo nayo ni saizi ya tatu. Wifi akanivuta kanzu tuondoke.

Mpya mbili zinaning'inia sasa ukutani kwake Kange, juu ya pipa la maji. Chini ya kiti cha baiskeli, mahali ambapo fundi yeyote akiigeuza ataona, ameandika 622 kwa rangi ya kucha nyekundu, na juzi niliona ameongeza mstari chini yake: "si 635, usinidanganye."